Ni Zambarau Tu

Neno lenyewe lilikuwa dogo, la kumtoa mtu hofu, na Hamida alilisema kwa roho safi kabisa. Ndiyo maana linamkaba mpaka leo. Angelisema kwa ubaya angalau angejua aanzie wapi kujilaumu. Lakini alilisema huku anacheka, mikono imejaa maziwa, na aliyeambiwa akashukuru.

Ilikuwa asubuhi moja ya mwezi wa kumi na mbili, huko Madale, upande wa vilimani. Bi Rukaiya, jirani wa nyumba ya tatu, alikuja mbio mtandio ukiburuzika na ndara moja mguuni. Huyu ni mama wa miaka sitini na ushee, mpole wa kupindukia, anayeanza kukohoa akiwa bado yuko barabarani ili asimfumanie mtu vibaya. Siku hiyo hakukohoa wala hakupiga hodi. Alimvuta Hamida mpaka nyuma ya masufuria, akamnong'oneza kwamba anakufa.

"Unakufa na nini tena, mama?"

"Choo, mwanangu. Cheusi. Yaani cheusi! Nimekaa mle ndani nikapiga na shahada kabisa."

Hamida alimtazama midomo, kisha vidole, kisha akamwambia atoe ulimi. Ulimi ulikuwa rangi ya zambarau mpaka kooni. Hapo akacheka mpaka akashika ukuta.

"Jana umekula zambarau kiasi gani?"

"Kikopo kizima cha sadolini. Na ile juisi yako, chupa mbili."

"Basi ndizo hizo zinatoka. Usiogope, mama. Ni zambarau tu."

Bi Rukaiya alikaa kwenye ndoo iliyopinduliwa akavuta pumzi. Akambariki Hamida yeye na kizazi chake, akaondoka na chupa nyingine ya juisi mkononi.

Sasa, msije mkamdhania Hamida ni tapeli. Tena aseme mtu hivyo mbele ya wanaomjua, aone. Mtindi wake ulikuwa mtindi haswa. Alichemsha maziwa mwenyewe, akayaacha yapoe mpaka kidole kikae ndani bila kuungua, akatia mbegu ya jana yake, kijiko kimoja tu, akafunika na blanketi kuukuu mpaka yagande. Mbegu ile ilianzia kwa bibi yake mzaa mama na haikuwahi kufa hata siku moja. Aliporudi kwa baba yake baada ya kuachika, alirudi na begi la nguo na kopo la mbegu. Mengine yote aliyaacha kwa mwanaume.

Baadaye akaenda semina ya wajasiriamali kule Tegeta, siku mbili, chai na maandazi juu yao. Huko ndiko alikopata maneno ya kueleza kitu alichokuwa anakijua kwa mikono. Akaambiwa tumboni mwa mtu mna vijidudu wengi kuliko watu wa mji huu, wengine wabaya, wengine rafiki, na hao rafiki ndio wanaosaidia tumbo kufanya kazi. Mtindi unawaongeza. Nyuzinyuzi za dona, bamia na maharage zinawalisha. Na matunda kama zambarau na ubuyu, na maua mekundu ya choya, yana vitu vya kuulinda mwili usichakae mapema. Hamida aliandika yote kwenye daftari, akapewa cheti, akarudi, akaanzisha biashara ya mtindi na juisi za matunda, akaiita Tumbo Shwari.

Ilishika, tena ilishika vizuri. Watu waliokuwa wanakaa chooni nusu saa wakikunja uso walianza kutoka wanatabasamu. Na kwa vile msimu wa zambarau ulikuwa umepamba moto na kila asubuhi mtu wa pili au wa tatu anapiga simu kwa hofu ileile ya Bi Rukaiya, Hamida akachoka kujibu. Akaenda steshenari akaagiza lebo mpya. Chini ya jina la biashara, kwa herufi kubwa, akaweka: CHOO KIKIWA CHEUSI USIOGOPE, NI ZAMBARAU TU.

Alilipia lebo mia tano. Nyingine zilifika mpaka stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, ndani ya mabegi ya watu wanaosafiri.

Mteja wake wa kwanza, na aliyempenda kuliko wote, alikuwa baba yake. Mzee Mbwana alikuwa fundi mwashi, nyumba nyingi za Madale zina tofali zake, na kazi ile ya kuchuchumaa miaka arobaini ilimla magoti. Akawa mtu wa vidonge vya maumivu. Alivinunua duka la dawa pakiti kwa pakiti, asubuhi viwili, jioni viwili, siku ya baridi hata vitatu. Na alikuwa na mkono mwepesi, mzee yule, hakuweza kula kitu peke yake hata kama ni dawa. Bi Rukaiya alipolalamika magoti, akamkatia karatasi nzima. "Magoti ni magoti, Bi Rukaiya. Meza hivi, kisha teremshia mtindi wa Hamida, hutasikia kitu tumboni."

Ndivyo alivyoamini. Mtindi wa binti yake ulikuwa ngao, basi vidonge vimezwe tu. Hamida alimsikia akisema hivyo mara nyingi, na kusema kweli alijisikia fahari.

Kila alasiri Mzee Mbwana alitandika bao barazani na mtani wake, Mashaka, fundi bomba, Mnyamwezi wa Tabora aliyekaa Madale miaka ishirini bila kubadilika lafudhi. Mzaramo na Mnyamwezi! Nyie mnajua wenyewe. Ukipita pale bila kuwafahamu ungekimbia kuita mjumbe aje kuwaamua.

"We Mzaramo, hii nyumba bado hujaiuza tu upate hela ya ngoma?"

"Nikiiuza nitakununua wewe unibebee vyombo. Babu yako kabeba pembe za ndovu kichwani kutoka Tabora mpaka pwani, wewe bomba la inchi moja linakutoa jasho."

"Mie nasubiri ufe tu. Nimeshaliona lile kofia lako la kiua, nitalivaa siku hiyohiyo."

Halafu wanacheka, wanagawana mtindi wa zambarau chupa moja, ulimi wa mmoja na wa mwenzake rangi ya zambarau. Hamida akiwa nyuma kwenye maziwa aliwasikia na moyo wake ukatulia. Baba mwenye mtani hazeeki upesi, alijiambia.

Kati ya baba na binti, hata hivyo, kulikuwa na ukuta wao. Ukuta wa haya. Mzee Mbwana angeweza kumwambia Hamida habari za kiwanja, za msikiti, hata za mume aliyemwacha. Lakini mambo ya chooni? Na mtoto wa kike? Afe. Akienda chooni hubeba kopo kwa kulificha ubavuni kana kwamba kaiba. Hamida naye, anayewauliza wateja wake maswali ya choo bila kupepesa, hakuwahi kumuuliza baba yake hata moja. Angeanzaje?

Zambarau ziliisha katikati ya mwezi wa kwanza. Zilipigwa na mvua moja ya ghafla, zikabaki za kuokota chini, kisha hata hizo hakuna. Kuzigandisha Hamida hakutaka, umeme wenyewe unajulikana. Akahamia kwenye ubuyu na choya. Lebo zilikuwa bado nyingi, akaona si vizuri kuzitupa, akaendelea kuzibandika.

Na hapo ndipo mzee alipoanza kubadilika, kidogo kidogo, kwa namna ambayo ukiishi na mtu huioni. Kilima cha kutoka msikitini alikuwa anakipanda anaongea. Sasa akawa anasimama katikati, anajifanya anaangalia ujenzi wa watu. Kisha akawa anasimama mara mbili. Ndoo ya maji aliyokuwa anainyanyua kwa mkono mmoja akaanza kuiburuta. Hamida alimuuliza, naye akajibu, "Uzee, mama. Ulidhani utanipita?"

Akamwongezea mtindi. Asubuhi chupa, jioni chupa. Uji wa dona, maharage, bamia. Kila alichofundishwa semina alimpa, tena kwa mkono wa kujaza. Na mzee akala vyote.

Mashaka alimjia Hamida siku moja wiki ya kwanza ya mwezi wa pili. Hakupitia barazani, alizunguka nyuma moja kwa moja.

"Hamida, nimekuja kushtaki. Mzee wako kaanza kujenga barabara. Kila asubuhi anamwaga lami chooni. Mwambie akimaliza hapo aendelee mpaka Tegeta, tumechoka na vumbi."

Hamida alicheka, akachovya kidole kwenye maziwa kupima joto. "Ni zambarau tu hizo, mtani."

"Zambarau," alisema Mashaka.

"Zambarau."

Mashaka alisimama pale. Alikuwa na spana mkononi, akawa anaigeuzageuza. "Haya. Mie kaburi lake nishalichimba, nimelifanya fupi, miguu tutaikunja."

"Na wewe tutakuzika wima tuokoe nafasi! Hebu nipishe, maziwa yanapoa."

Alimpisha. Lakini Hamida alipoinua kichwa baadaye alimkuta bado yuko pale penye ukuta, anamwangalia kwa jicho ambalo halikuwa la utani. Kisha akaondoka.

Baada ya siku nne akarudi tena. "Kesho nakuja kumpima sanda. Viganja vyake tayari vina rangi ya hiyo sanda."

"Mtani, una mdomo wewe!"

"Ninao," alisema. "Nautumia, ila hausikiki."

Na hilo nalo Hamida alilicheka. Jamani, angefanyaje? Mtani akisema anakuchimbia kaburi, unacheka. Ndivyo sote tulivyolelewa. Ukimkasirikia umevunja utani, ukimwamini umekuwa kichekesho cha mtaa.

Ila baada ya hapo kilitokea kitu kilichomnyima raha. Mashaka aliacha utani. Alikuja barazani, akamsalimia Mzee Mbwana, "Habari za mchana, mzee." Habari za mchana! Miaka ishirini Mashaka hakuwahi kumsalimia yule mzee bila kumtukana kwanza. Akacheza bao kimya, akafungwa kimya, akamshika mzee mkono kumwinua. Mzee Mbwana alimchokoza mara mbili tatu, habari za pembe, habari za mizigo, na Mashaka akasema tu, "Ndiyo, mzee." Hamida alikuwa dirishani, na nywele zilimsisimka bila kujua kwa nini. Alidhani wamegombana. Alipanga aje awasuluhishe Ijumaa.

Ijumaa haikufika. Alhamisi asubuhi simu iliita, mteja wa kutoka Segerea, sauti ya haraka haraka, anataka juisi ya zambarau chupa sita za shughuli.

"Zambarau hakuna, dada," Hamida alisema, sikio limebana simu begani huku anabandika lebo. "Ziliisha tangu mwezi wa kwanza katikati. Sasa hivi huwezi kupata zambarau hata moja Dar nzima."

Maneno yalitoka mdomoni, yakamzunguka, yakarudi sikioni kwake mwenyewe. Macho yake yalikuwa kwenye lebo iliyokuwa kidoleni. Akaisoma. Alikuwa ameshaisoma mara elfu na siku hiyo ndiyo aliyoisoma.

Mteja aliita haloo haloo mpaka simu ikakatika.

Hamida aliingia barazani anakimbia. Baba yake alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha kamba, kofia ya kiua kichwani, amesinzia saa tatu asubuhi.

"Baba. Baba, toa ulimi."

"Nini?"

"Ulimi, baba, nakuomba."

Mzee alifungua macho akamkazia. "Mie mtoto mdogo?" Lakini akautoa, labda kwa mshangao tu. Ulimi ulikuwa mweupe. Ulikuwa mweupe kama ule mtindi wenyewe, na midomo hivyohivyo. Hamida alimshika kiganja akakigeuza, hakikuwa na damu.

Alitaka kumuuliza habari za choo. Alifungua mdomo, akafunga. Baba yake alimwangalia, akajua anataka kuuliza nini, akageuza uso upande wa barabara. Hapo ndipo ilipokuwa haya yao, baina yao, imekaa kitako. Hamida aliilaani nafsi yake, akatoka mbio mpaka kwa Mashaka, akamkuta anakata bomba uani.

"Mashaka, niambie ukweli. Kile choo cha baba. Ni mpaka sasa?"

Mashaka aliweka msumeno chini. "Mpaka leo asubuhi. Nilikwambia."

"Ulinitania!"

"Ningekwambiaje? Baba yako kanieleza mwenyewe, kisha kaniapisha nisikwambie. Kasema ni aibu, binti asijue habari hizo. Kanikataza kusema, Hamida. Hakunikataza kutania." Akapangusa mikono kwenye suruali. "Nimekwambia mara mbili. Umeniambia zambarau. Nikajisemea, Hamida kasoma semina, anajua mambo haya, mie nani?"

Hamida alimvuta mkono, wakarudi mbio kwa mzee.

Walimpakia mzee kwenye bajaji, Mashaka kulia, Hamida kushoto, katikati yeye analalamika kwamba wanamwaibisha mbele ya watu. Hospitalini walikaa kwenye foleni kidogo tu, maana nesi alimwangalia usoni mara moja akawapitisha mbele. Daktari alikuwa kijana, mwenye miwani, mpole. Akauliza, akiandika, choo kilianza kuwa cheusi lini.

Mzee Mbwana aliinamisha kichwa. Kisha, kwa vile daktari ni daktari, akajibu. "Tangu zambarau, mwanangu."

"Kinanata? Kinanuka kuliko kawaida?"

"Kinanata. Lakini si neno, daktari." Akamnyooshea Hamida mkono wake ule mweupe, na kwenye sauti yake mlikuwa na fahari. "Huyu binti yangu anayasoma mambo ya matumbo, ana cheti. Kasema kikiwa cheusi tusiogope. Ameandika kabisa."

Daktari alimtazama Hamida. Akauliza kuhusu dawa, mzee akatoa pakiti ya vidonge mfukoni, ile ya asubuhi viwili jioni viwili.

"Mtindi hauna shida, dada," daktari alisema walipotoka nje ya pazia. "Na zambarau hazina shida. Hivi vidonge vimemchimba kidonda tumboni. Choo cheusi cha namna hii, kinanata, mwezi mzima na zaidi, hiyo ni damu. Kwa nini mmekaa nayo?"

Damu ilitafutwa. Mashaka alitoa yake, na mzee kitandani, kwa sauti iliyobaki, akasema sasa amekwisha, kaingizwa Unyamwezi mwilini, atawaambia nini wazee wake. Mashaka akacheka akaenda kulia koridoni. Ulikuwa utani wa mwisho. Kidonda kilipasuka kabla ya chupa ya pili ya damu kuisha, na adhuhuri ya Ijumaa, watu wakitoka msikitini, Mzee Mbwana akafa mkono wake ukiwa ndani ya mkono wa Hamida.

Walimzika Jumamosi. Madale yote ilijaa, maana nusu yake inalala ndani ya nyumba alizojenga. Wanawake walikaa ndani na uani, wanaume nje kwenye turubai. Hamida alikuwa kwenye mkeka karibu na mlango, kanga mpaka machoni, na Bi Rukaiya ubavuni mwake tangu jana bila kuondoka.

Kabla jeneza halijatoka, mlangoni pakazuka kelele. Mashaka. Alikuwa amevaa kofia ya kiua ya marehemu, msuli wa marehemu, fimbo ya marehemu mkononi. Wanawake wakapiga vigelegele vya kilio na cheko pamoja, maana mtani amekuja kufanya kazi yake ya kumwigiza marehemu, na msiba usio na mtani ni msiba mkiwa.

Akaanza. Alipanda kilima cha msikitini palepale sakafuni, hatua mbili anasimama, anatazama ujenzi wa watu, "Eeh, hii tofali nani kaipanga?" Sauti ilikuwa ya Mzee Mbwana tupu. Watu walivunjika mbavu. Akaburuta ndoo isiyokuwepo. Akameza vidonge viwili, vitatu, akagawa vingine kwa wanawake, "Magoti ni magoti!" Akainua chupa ya mtindi akaipiga funda refu, akapangusa ndevu. Kisha akajishika tumbo, akachungulia huku na huku, akanyata kuelekea chooni na kopo ubavuni, na akageuka kwa wote akaweka kidole mdomoni.

"Shsh! Msimwambie Hamida! Hamida kasema ni zambarau tu!"

Nyumba nzima ilicheka. Wazee walicheka, vikongwe walicheka mpaka wakalala ubavu. Na Hamida, Mungu amsamehe, naye cheko lilimtoka, kwa sababu kwa nusu dakika baba yake alikuwa amesimama pale mlangoni, mzima, na haya yake ileile. Halafu macho yake na ya Mashaka yakakutana. Mashaka alikuwa analia. Machozi yalimchuruzika mpaka kwenye ndevu na hakuna aliyeyaona, kila mtu alidhani ni jasho la mchezo. Mtani hakasirikiwi. Hamida alitoa noti akamtunza, kama inavyotakiwa.

Nje wanaume walianza kunyanyua. La ilaha illallah ikapanda.

Bi Rukaiya alikuwa bado anajifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya mtandio. Akamwinamia Hamida sikioni, vilevile alivyomwinamia ile asubuhi ya mwezi wa kumi na mbili.

"Kumbe na mzee naye alikuwa hivyo? Mie nilidhani ni mie peke yangu. Mpaka leo cheusi, mwanangu, tena kama lami. Ila uliniambia nisiogope, basi na mie nimetulia zangu."

Hamida alimgeukia taratibu. "Zambarau umekula lini mara ya mwisho, mama?"

"Zambarau ziko wapi mwezi wa pili huu? Nakunywa mtindi tu. Na vile vidonge vya marehemu, Mungu amrehemu, vimenisaidia kweli."

Hamida aliushika mkono wa Bi Rukaiya akaugeuza kiganja juu. Aliutazama. Alishaujua mkono wa rangi ile, jana tu alikuwa ameushika.

"Shika mtandio wako, mama. Tunatoka."

"Tunatoka wapi? Baba yako ndio anabebwa sasa hivi!"

"Naona. Simama."

Alimwinua. Walivuka mikeka, miguu ya watu, sahani za ubani. Nyuma yao mtu aliita Hamida, mwingine akasema mshikeni mtoto wa watu karukwa na akili, mwingine akasema hana adabu, hata jeneza halijafika barabarani. Ni kweli halikuwa limefika. Lilikuwa linateremka kilima upande wa makaburini, mabegani mwa watu, kofia nyeupe zikilizunguka, na Hamida akalitazama mara moja tu, kisha akamvuta Bi Rukaiya upande wa pili, kwenye kijiwe cha bajaji.

Mama wa watu alihema sana kwenye ule mwinuko mdogo. Alisimama katikati, akajifanya anaangalia ukuta wa mtu. Hamida alimsubiri, kisha akamshika kiuno akamsogeza.

Ndani ya bajaji, walipokuwa wanashuka kuelekea hospitali, Bi Rukaiya alimshika kanga akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa kusikika.

"Kwani si zambarau, mwanangu?"

"Siyo zambarau, mama," Hamida alisema. "Hata kwa baba haikuwa zambarau."

Bi Rukaiya alikitazama kiganja chake. Hamida hakuuachia mkono ule mpaka walipofika.